Tairi la baiskeli linakusumbua? Soma dalili kabla ya kununua jingine

Mwendesha baiskeli wa Nairobi hapiti barabara ya aina moja. Asubuhi anatoka kwake kwa marram, anaingia lami, anapanda njia ya kabro iliyojaa mchanga, anavuka mtaro, na Jumamosi baiskeli ileile iko msituni Karura au vilimani Ngong. Tairi moja linabebeshwa kazi zote hizo. Likianza kusumbua, wa kwanza kulaumiwa ni tyubu, na watu hubadilisha tyubu tatu kabla ya kulitazama tairi lenyewe. Mara nyingi kosa liko hapo: upana usiofaa, uzee, saizi iliyolazimishwa, au upepo uliowekwa kwa kubahatisha.

Kifaa kimoja ni cha lazima kabla ya kuendelea, nacho ni pampu yenye geji. Kuliminya tairi kwa kidole gumba hakukwambii kitu cha maana, hasa kama ni jembamba.

Pancha haziishi

Usikimbilie kiraka. Ijaze tyubu upepo mpaka ivimbe, itie kwenye karai la maji, kisha tazama mambo mawili: tundu liko upande gani, na lina umbo gani. Ili jibu likufae, kuna jambo la kufanya mapema: funga tairi huku maandishi yake makubwa yakikaa sawasawa na valvu, na kabla ya kuitoa tyubu, itie alama ya kalamu upande wa kulia. Siku ya pancha utailaza tyubu juu ya tairi, valvu kwenye maandishi, na tundu litakuonyesha mahali penyewe pa kutafuta mwiba.

*Tundu moja, upande wa nje.* Kuna kitu kimepenya tairi, na pengine bado kimo. Katika barabara za malori kama Mombasa Road, Outering na Enterprise Road, mshukiwa wa kwanza ni waya. Tairi la lori likipasuka, nyuzi zake za chuma husambaa na kuishia pembeni mwa barabara, palepale unapopita wewe. Waya huo ni mfupi kuliko punje ya mchele na mwembamba kiasi kwamba kichwa chake hukioni kwa nje. Ukiziba tyubu na kuuacha waya ndani bila kujua, kesho yake uko chini tena, tundu likiwa mahali palepale. Usiutafute kwa kidole kitupu. Chukua pamba, ipitishe polepole ndani ya tairi lote, mzunguko mzima kwenda na kurudi. Penye waya, pamba itanasa na kuacha nyuzi. Usukume utokee nje, kisha uvute kwa koleo ndogo au kikata kucha.

Ukiishi upande wa Rongai au Kitengela, ongeza miiba ya migunga na mbigili. Mbigili ni mbaya zaidi msimu wa kiangazi, mimea yake inapokauka na kuacha mbegu zenye miiba kando ya njia. Ukiuona mwiba umesimama kwenye tairi na upepo bado upo, uache hapohapo ufike nao nyumbani. Ukiung'oa njiani, upepo wote unatoka.

Kama tundu za aina hii zinajirudia, tiba ni kununua tairi lenye mkanda wa kinga chini ya uso wake. Mengine yana mkanda wa raba wa milimita 5, na mengine yana kitambaa kigumu chembamba tu. Huo mnene ni mzito na hauna raha kwenye mlima, lakini kwa mtu anayepita Industrial Area kila siku mimi naona uzito huo unalipa. Njia ya mafundi wetu, kulaza ukanda wa tyubu kuukuu ndani ya tairi, nayo inafanya kazi, ila kingo za ukanda zipunguzwe ziwe laini na upakwe poda kidogo. Kingo kali husugua tyubu na kuleta pancha ambayo hutaielewa. Dawa ya maji ya kuziba inafaa kwa matundu ya miiba. Kwa mpasuko wa chupa ubavuni haisaidii.

*Matundu mawili madogo yaliyokaa pamoja.* Hapa hakuna mwiba. Tyubu imebanwa kati ya rimu na ukingo wa shimo, au tuta, au kabro iliyonyanyuka. Sababu ya kwanza ni upepo mdogo. Ya pili ni tairi jembamba kwa mzigo unaobeba. Pima upepo kwanza. Kama ulikuwa sawa na bado unabanwa, hamia tairi pana zaidi. Hakuna kiraka kitakachokuokoa na tairi la upana wa milimita 28 kwenye barabara ya mtaa iliyochimbwa na mvua, huku keria ikiwa na mtungi wa gesi.

*Tundu upande wa ndani, unaotazama rimu.* Vua utepe wa rimu. Utakuta umehama au umechanika, na kichwa cha spoki kimejitokeza. Spoki iliyochomoza ipigwe tupa mpaka isawazike, na utepe mpya uwe wa kitambaa. Selotepu ya umeme inaweza kukufikisha nyumbani, lakini kwenye upepo mwingi hulainika na kusogea.

*Mpasuko kwenye shina la valvu.* Tazama kama tundu la rimu linalingana na valvu. Rimu iliyotobolewa kwa valvu nene kama ya gari ina tundu la milimita 8.5 hivi, na valvu nyembamba inahitaji 6.5. Nyembamba ikikaa kwenye tundu kubwa bila kikombe cha kupunguza, inacheza na kukatika shinani. Sababu nyingine ni kuvutavuta pampu kiubavu.

*Pancha siku ileile uliyobadilisha tyubu.* Ni bisibisi. Tumia leva za plastiki au mikono mitupu. Anza kulirudisha tairi upande ulio mkabala na valvu na umalizie kwenye valvu, kisha isukume valvu juu kidogo kabla ya kujaza, ili tyubu isibaki chini ya ukingo wa tairi.

Na kiraka kikibanduka kila mara, tatizo ni haraka. Piga msasa mpaka mng'ao uishe, paka solusheni, acha ikauke hadi kidole kisinate, ndipo ubandike. Wengi hubandika ikiwa bado mbichi.

Acha na umwone fundi ukikuta nyuzi za tairi zenyewe zimekatika na mwanya unaonekana. Kipande cha pakiti ngumu ya maziwa kilichowekwa ndani kitakuvusha mpaka nyumbani kwa mwendo wa taratibu. Baada ya hapo tairi hilo limeisha.

Upepo unapungua usiku kucha, lakini tundu halionekani

Paka mate kwenye mdomo wa valvu. Povu likitokea, ikaze pini yake. Kwenye Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma, badilisha kile kimpira cha ndani ya valvu, kwa sababu kikizeeka huvuja bila dalili nyingine. Kama valvu ni nzima, rudi kwenye karai la maji na uzungushe tyubu polepole zaidi; tundu la waya hutoa kipovu kimoja kila baada ya sekunde kadhaa.

Kumbuka pia kwamba upepo hupungua wenyewe. Tairi jembamba lipimwe kila wiki. Pana linaweza kukaa wiki mbili.

Baiskeli ni nzito, unakanyaga na haiendi

Inyanyue, lizungushe gurudumu. Likisimama upesi, kosa si la tairi: breki inagusa, au beringi za ekseli zimekazwa mno. Likizunguka vizuri, pima upepo.

Viwango vya kuanzia kwa mtu wa kilo 70 hivi mwenye tyubu ya kawaida ni hivi: tairi la milimita 28 lipewe PSI (kipimo cha upepo kwenye geji) 70 hadi 80, la 35 lipewe 50 hadi 60, la 40 au 42 lipewe 40 hadi 50, la 50 lipewe 30 hadi 40. La nyuma liongezwe kidogo kuliko la mbele kwa sababu ndilo linalobeba mwili. Ukienda Karura, punguza 5 hivi. Nambari ya juu iliyoandikwa ubavuni ni mpaka wa kutovuka, wala si kiwango cha kulenga. Anayejaza mpaka pale kwa kudhani ndiyo kasi huishia kurukaruka juu ya kila kokoto, na nguvu ya miguu inapotelea kwenye mtikisiko.

Mashine ya upepo ya kituo cha mafuta iogope kidogo. Mhudumu atakuuliza, "Boss, niweke ngapi?" Ukimjibu "kama ya boda," utapata 30 na kitu, ambayo ni sawa kwa tairi la milimita 50 na ni pancha ya uhakika kwa la 28. Ukimwachia ajaze kwa kukisia, mashine ile inajaza haraka kuliko tairi dogo linavyoweza kupokea, na inaweza kulirusha nje ya rimu. Shika geji yako mwenyewe, ajaze kidogokidogo.

Upepo ukiwa sawa na bado uzito upo, tazama uso wa tairi. Baiskeli nyingi za mlimani zinazouzwa hapa huja na meno makubwa yaliyoachana, na hayo kwenye lami yanapinda moja baada ya jingine na kulia njia nzima. Mvumo unaosikia kwenye Thika Road ni nguvu zako zinazopotea. Kwa anayekwenda kazini siku tano na msituni siku moja, chaguo langu ni tairi la milimita 40 hadi 50 lenye mstari wa katikati uliofungana na meno mafupi pembeni. Kwenye lami linakimbia kwa mstari wa katikati. Kwenye marram, meno ya pembeni yanashika unapolala konani. Meno makubwa yabaki kwa wale ambao lami kwao ni kipande kifupi cha safari.

Linateleza

Wapi? Hilo ndilo swali la kwanza, kwa sababu dawa ya lami na dawa ya udongo ni tofauti.

Kwenye lami iliyolowa, watu hutafuta tairi lenye mifereji mingi wakifikiri litatoa maji kama la gari. Baiskeli haiendi kasi ya kuelea juu ya maji, na uso wake ni mwembamba mno. Kinachoshika lami ni ulaini wa raba na upepo usiozidi. Kwa hiyo chunguza kwa mpangilio huu: upepo umezidi? Punguza 5 mpaka 10. Raba imekauka? Ibonye kwa ukucha. Isipobonyea hata kidogo, tairi ni zee hata kama meno yake yote yapo. Hilo ni tatizo kubwa la baiskeli za mitumba, ambazo zimekaa miaka kwenye gereji za ng'ambo kabla ya kuletwa Mombasa kwenye kontena. Mwisho, meno: tairi la meno marefu hupinda kwenye kona ya lami na kuondoka ghafla.

Kuna mahali ambapo hakuna tairi litakalokusaidia. Mvua ya kwanza ya Machi au Oktoba inapochanganyika na dizeli kwenye steji za matatu na milango ya vituo vya mafuta, punguza mwendo kabla ya kufika. Rangi ya zebra na vifuniko vya chuma vipite ukiwa wima. Reli za Industrial Area zivuke kwa kuzikata moja kwa moja. Ukizipita kwa mshazari zikiwa zimelowa, gurudumu la mbele litazifuata.

Kwenye kokoto na vumbi jepesi, sababu ya kwanza ni upepo mwingi kupita kiasi, ya pili ni uso wa katikati ulioisha. La nyuma huisha mapema kuliko la mbele. Likiisha, usinunue jipya ukalifunga nyuma: hamisha la mbele liende nyuma, jipya lifungwe mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza, mara nyingi unajiokoa. La mbele likiteleza, unaanguka.

Tope linaganda mpaka gurudumu linasimama

Hapa udongo ndio unaoamua. Tope jekundu la upande wa Kikuyu, Limuru na Karura linapukutika ukiwa na meno yaliyoachana kiasi. Udongo mweusi wa Embakasi, Utawala, Syokimau na Kitengela ni habari nyingine: unashika tairi, unajikusanya chini ya madigadi, na baada ya mita chache gurudumu halizunguki. Usilazimishe kukanyaga, utavunja kishikio cha gia au kukata cheni. Shuka, beba, kwangua kwa kijiti.

Kinachosaidia kweli ni nafasi kati ya tairi na fremu. Ukiwa na tairi la milimita 50 kwenye fremu inayobeba 50 kwa shida, la 42 litapita tope ambalo lile pana litakwama, hata kama meno yake ni madogo. Miezi ya Aprili na Novemba, wakazi wa huko wengi hung'oa madigadi kabisa na kuvumilia mgongo mchafu.

Gurudumu linayumba au linadunda

Ubavuni, karibu na rimu, tairi lina mstari mwembamba unaozunguka. Zungusha gurudumu ukiutazama. Mstari ukizama mahali fulani ndani ya rimu, tairi halijakaa vizuri: toa upepo, paka maji ya sabuni pale lilipozama, lichezeshe kwa viganja, kisha jaza tena polepole mpaka mstari utokeze na tairi likae. Usivuke ule mpaka wa juu ulioandikwa.

Mstari ukiwa sawa pande zote, tazama rimu dhidi ya raba ya breki. Ikienda kushoto na kulia, rimu imepinda au spoki zimelegea. Kukaza spoki kwa kubahatisha huharibu zaidi, hivyo mpelekee fundi mwenye stendi ya kunyoosha magurudumu. Na kama breki zako zinashika rimu, pitisha kidole pale raba zinaposugua. Ukihisi bonde, ukuta umelika. Acha kuiendesha baiskeli hiyo, maana rimu iliyolika hupasuka ikiwa na upepo, na wakati wake wa kupasuka ni kwenye mteremko unaposhika breki.

Uvimbe, au nyufa ubavuni

Nyufa nyembamba za juujuu ni za jua na umri. Chunguza kila wiki na upange kununua. Nyufa zinazoonyesha nyuzi ndani, au nundu iliyojitokeza, zina maana moja: nyuzi zimekatika na tyubu inasukuma kutoka ndani. Punguza upepo, shuka, sukuma baiskeli. Usiombe lizibwe kwa kiraka cha nje.

Kabla ya kulitupa, tafuta kilicholikata. Raba ya breki iliyopanda juu ya rimu huukwangua ubavu kwa mstari ulionyooka mzunguko mzima, na usipoirekebisha italimaliza tairi jipya pia.

Tairi jipya halikai, au linagusa fremu

Puuza maneno ya dukani kama "ishirini na sita" au "ishirini na nane". Tafuta ubavuni nambari mbili zenye kistari, mfano 47-622. Ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu, na hiyo lazima ilingane kabisa na la zamani. 622 ndiyo 700C na pia ndiyo inchi 29. 584 ni inchi 27.5. Baiskeli nyingi za mlimani za inchi 26 ni 559, lakini 26 x 1⅜ ni 590, na haiwezi kukaa pale. Black Mamba ya 28 x 1½ ni 635, ilhali baiskeli nyingine za "28" ni 622. Tofauti ni milimita 13 tu, ila fundi akililazimisha tairi dogo kwa bisibisi, ukingo wake utakatika, na kubwa litachomoka barabarani.

Upana una uhuru zaidi. Rimu iliyoandikwa 622x19, yaani yenye upana wa ndani wa milimita 19, inabeba tairi la 28 mpaka la 50 bila shida. Kinachokuzuia ni fremu, uma wa mbele na breki: acha angalau milimita 5 kila upande, na zaidi kama unapita kwenye tope. Likigusa, usikubali fundi ayakate meno ya pembeni kwa kisu. Rudisha dukani uchukue jembamba. Na ukinunua mtandaoni, mwombe muuzaji picha ya ubavu yenye nambari hizo, na nyingine ya uso wa tairi, kabla ya kutuma M-Pesa.